Dawa Iliyolala Chini ya Barafu: Kisa cha Bibi wa Mbagala

Kwa zaidi ya mwaka kadi ya kliniki ya bibi huyu ilikuwa inasomeka vibaya. Ana miaka 67, ana kisukari, anaishi Mbagala, Dar es Salaam, na mwanawe, mkwe wake na wajukuu, na anachoma insulini mara mbili kwa siku. Anatumia ile ya mchanganyiko, nyeupe yenye mawingu, ambayo asilimia 30 yake inafanya kazi haraka na asilimia 70 inafanya kazi polepole. Kliniki anakuja kila baada ya miezi mitatu. Kila akija, sukari ya asubuhi kabla ya kula ni milimoli 17 kwa lita, au 19, na safari moja 22, wakati lengo lilikuwa isizidi 8. Kila akija, dozi inapandishwa. Alianza na yuniti 30 kwa siku, zikawa 38, zikawa 44. Pembeni ya kadi mtu ameandika kwamba mgonjwa hafuati masharti ya chakula.

Maneno hayo yalimfuata hadi nyumbani. Mwanawe akaanza kumchunga. Jirani anayekaanga maandazi akaulizwa kama mama huwa anapita pale asubuhi. Mkwe akaambiwa ampimie ugali. Mwishowe bibi akawa anakula chumbani peke yake, maana alichoka kutazamwa kila anaponyoosha mkono. Nilipomsalimia na kumuuliza kuhusu chakula aliniitikia marahaba, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, mimi nakula dona, mchicha na dagaa. Chai yangu haina sukari tangu marehemu mume wangu yu hai. Hiyo sukari mnayoniuliza naila saa ngapi?"

Mimi ni mfamasia, na jambo lililonifungua macho lilitoka kwa mkwe, tena alilitaja akiwa ameshanyanyuka kuondoka. Siku chache baada ya dozi kufikishwa 44, bibi alikutwa alfajiri analowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mashine ya kupimia ikasoma 2.6. Walimkorogea vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, akanywa, baada ya muda akarudi katika hali yake. Nyumbani walihitimisha kwamba usiku ule hakula vizuri.

Mtu anayekula vitamu kwa siri sukari yake hupanda. Lakini hilo halielezi kwa nini mwili uleule, kwa dozi ileile, wiki moja unashushwa hadi 2.6 na baadaye kliniki unakutwa na 19. Kwa mgonjwa huyu kulikuwa na kitu kinachobadilika kati ya mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu, na kitu kinachobadilika ni kichupa. Kichupa cha insulini cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Kwa yuniti 30 kwa siku kinamaliza mwezi, na hata kisipoisha hakitakiwi kuendelea kutumika baada ya wiki nne hivi tangu kufunguliwa. Bibi alikuwa akipewa vichupa vya miezi mitatu kwa mpigo. Cha kwanza anakifungua siku hiyohiyo kikiwa kimetoka kwenye friji la duka la dawa. Vinavyofuata vinakaa nyumbani vikisubiri zamu.

Na sisi kliniki tulikuwa tunampima lini? Mwishoni mwa kichupa cha mwisho. Kila mara.

Mashine walikuwa nayo nyumbani, lakini stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu, ni ghali, kwa hiyo walipima pale tu bibi alipojisikia vibaya. Katikati ya zile tarehe za kliniki hakukuwa na namba yoyote ambayo ingeonyesha kwamba mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Nikamwomba mkwe arudi na dawa zote zilizopo nyumbani, zilizofunguliwa na ambazo bado, pamoja na maboksi yake.

Kichupa kilichokuwa kinatumika kilikuwa na mistari myeupe iliyoganda kwenye ukuta wa kioo. Nilikichukua kile ambacho hakijafunguliwa, nikakiviringisha polepole kati ya viganja mara kumi, jinsi tunavyowafundisha wagonjwa kufanya kabla ya kuvuta dawa. Insulini ya aina hii ikiwa nzima, baada ya hapo inakuwa nyeupe sawasawa, juu mpaka chini. Hii ilibaki na mabonge yanayoelea kwenye maji, kama maziwa yaliyokatika. Nikaendelea kuviringisha. Mabonge yakabaki.

Mkwe alishtuka kuliko mimi. "Lakini hii tunaiweka mahali pazuri kuliko pote," alisema. "Tunaiweka pale juu kabisa, kwenye baridi yenyewe."

Jioni moja nilipita kuliona hilo friji. Ni la mlango mmoja, limesimama sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kushonwa, mgongo wake umebanwa ukutani. Sehemu ya kugandishia iko ndani humohumo, juu, na ina kimlango chake cha plastiki kilichokwisha kukatika. Chini yake tu ndipo lilipokaa boksi la dawa. Na friji lile halikuwa la chakula peke yake. Mkwe anatengeneza barafu za ubuyu na ukwaju na kuwauzia wanafunzi asubuhi. Ili zigande mpaka alfajiri, kile kitufe cha ndani chenye namba 1 hadi 7 kilikuwa kimezungushwa hadi 7, ambayo kwenye mafriji mengi ndiyo baridi kali kabisa. Barafu zikishauzwa, mchana friji linazimwa ili umeme wa LUKU usiishe mapema. Saa kumi na mbili jioni linawashwa tena na mzigo mpya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna mtu aliyewahi kukiona kichupa kikiwa kimeganda. Kilikuwa kinaganda usiku watu wamelala, kinayeyuka mchana friji likiwa limezimwa, usiku kinaganda tena. Kichupa kilichofunguliwa chenyewe kilikaa mlangoni, karibu na mkono, kwa hiyo kila asubuhi bibi alivuta dawa ambayo haikuwa barafu. Ilikuwa imeshaharibikia kule juu kabla ya kuhamia mlangoni.

Niliwaachia kipimajoto cha friji chenye waya. Mjukuu aliyeko kidato cha pili akapewa kazi ya kukisogeza rafu hadi rafu, kila mahali usiku mzima, ncha ya waya ikiwa ndani ya glasi ya maji. Glasi ya maji ni muhimu, kwa sababu hewa ya friji inabadilika kila mlango ukifunguliwa, lakini maji yanabadilika taratibu, na dawa iliyo kwenye kichupa iko karibu zaidi na maji kuliko hewa. Pale juu, maji ya kwenye glasi yaliganda. Rafu ya katikati ilisoma 2 kwa mbele, na 0 kipimo kilipogusa ukuta wa nyuma. Droo ya mboga chini ilisoma 5. Mlangoni ilikuwa 10, na mchana friji likiwa limezimwa ilipanda hadi 24. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Katika friji lile zima, usiku, mahali pa kuaminika palikuwa droo ya mboga, ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria.

Tunapowaambia wagonjwa "weka dawa kwenye friji" tunakuwa tumesema nusu ya maneno. Nusu nyingine imeandikwa kwenye boksi, isigandishwe, lakini kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Familia hii ilitii ilichoambiwa. Waliambiwa baridi, wakatafuta baridi kuliko zote.

Inafaa kueleza kwa nini kuganda ni kubaya kiasi hiki. Insulini ni protini. Joto huidhoofisha kidogo kidogo, kwa wiki na miezi. Kuganda huiharibu kwa usiku mmoja, na kuyeyuka hakuirudishi. Katika ile ya mawingu, sehemu inayofanya kazi polepole imeshikanishwa na protamini, ambayo ni protini nyingine, na zinki kuwa chembe ndogo sana za fuwele, mbinu iliyotokana na kazi ya maabara ya Hagedorn huko Denmark katika miaka ya 1930 na 1940. Maji yakigeuka barafu yanazisukuma chembe hizo pamoja, zinashikana, na barafu ikiyeyuka haziachani. Leo bomba la sindano linavuta maji yenye dawa kidogo, kesho linavuta bonge. Ile ya maji maangavu ni hatari kwa namna nyingine: inaweza kuganda, ikayeyuka, na kwa macho ikaonekana kama haijaguswa. Ndiyo maana kanuni ni kwamba insulini yoyote iliyowahi kuganda inatupwa, hata ikionekana nzuri.

Wenzetu wa chanjo wanalijua hili siku nyingi. Chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B zinaharibika zikiganda, na wahudumu wanafundishwa kukitikisa kichupa wanachokishuku na kukilinganisha na kingine ili kutambua iliyoganda. Kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye stoo ya dawa ni friji la familia, somo hilo halijafika.

Wala si tatizo la nyumba za Mbagala. Mwaka 2018 watafiti wa hospitali ya Charité ya Berlin walieleza matokeo ya vipimajoto vilivyowekwa pamoja na insulini za watu 388 wa Marekani na Ulaya, kwenye mafriji yao na kwenye mikoba yao. Kati ya rekodi 400, rekodi 315 zilionyesha dawa ikitoka nje ya kiwango kinachotakiwa, na baadhi zilishuka chini ya sifuri. Na huko umeme haukatiki mara kwa mara kama kwetu.

Siku bibi alipoletewa vichupa vipya tulikuwa na hatari kubwa kuliko ile ya mwanzo. Dozi ya 44 ilikuwa imejengwa juu ya dawa iliyokufa. Kumpa dawa nzima kwa dozi ile ni kuirudisha ile alfajiri ya 2.6, na safari hiyo huenda asingekuwepo mtu macho wa kukoroga maji ya sukari. Daktari alimrudisha kwenye yuniti 30, akamtaka apime asubuhi na jioni kwa wiki mbili, na stripu za wiki hizo tukasaidiana kuzipata. Naomba wenzangu walioko kliniki walizingatie sana hili. Ukigundua dawa ya mgonjwa iliharibika, usimbadilishie kichupa na kumwacha na dozi ya juu. Na mgonjwa asijipunguzie wala kujiongezea mwenyewe. Akutane na daktari wake kabla ya sindano ya kwanza ya kichupa kipya.

Sehemu iliyochukua mazungumzo marefu ni biashara ya barafu. Ilikuwa rahisi kumwambia mkwe aache. Lakini fedha za barafu ndizo zinazonunua stripu, na ndizo zinazolipa nauli ya bibi kuja kliniki. Kuiondoa barafu ni kumwondolea bibi msaada wake kwa jina la kumsaidia. Tulikaa na mwanawe, tukakubaliana hivi: namba ishuke kutoka 7 hadi 4, friji lisizimwe mchana, na mzigo wa barafu uingie saa nane mchana badala ya jioni ili upate saa nyingi za kuganda. Friji likasogezwa mbele lisiguse ukuta, kiasi cha upana wa kiganja, lipate kupumua kwa nyuma. Mwanawe aliogopa bili. Nilimweleza kwamba friji linalozimwa kila siku hutumia umeme mwingi kurudi kwenye baridi, hivyo anachookoa mchana sehemu yake anailipa jioni. Alikubali kujaribu.

Dawa ikahamia droo ya chini, ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Kontena linafanya kazi mbili. Linapunguza kupanda na kushuka kwa joto kila mtoto anapofungua mlango kuchukua barafu, na linawazuia watoto kugusa vichupa na sindano. Ndani yake kuna karatasi yenye tarehe ya kufunguliwa kila kichupa. Humohumo imeingia dawa ya mjukuu, ile ya maji ya kuua bakteria, amoksisilini yenye klavulanati, ambayo ikishachanganywa na maji inataka friji na inatupwa baada ya siku saba. Ilikuwa mlangoni, nyuma ya chupa ya soda, na ilikuwa imepita muda wake.

Usomaji mpya wa droo ulikuwa kati ya 4 na 7, mchana na usiku. Barafu ziliganda.

Swali alilobaki nalo mkwe lilikuwa la umeme kukatika, maana woga wa joto ndio uliompeleka kule juu toka mwanzo. Nilimjibu kwamba umeme ukikatika asifungue mlango, kwa sababu friji lililofungwa linashikilia ubaridi wake kwa saa nne hivi, na asikimbilie kuibandika dawa kwenye barafu. Insulini ya binadamu, yaani aina ya kawaida kama ya bibi huyu, iliyotengenezwa kufanana na ile ya mwilini, inavumilia joto kuliko watu wanavyodhani. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2021 utafiti uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya: insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye friji. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tafiti za afya, yakaeleza kwamba insulini ya binadamu ambayo haijafunguliwa inaweza kukaa hadi miezi miwili katika joto lisilozidi 37 bila kupoteza nguvu kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Simaanishi kwamba watu waache friji. Matokeo hayo hayahusu insulini za aina mpya, na maelekezo ya kwenye boksi ndiyo ya kufuatwa. Ninachosema ni kwamba kati ya saa sita za giza sebuleni na usiku mmoja juu ya barafu, kinachoua dawa ni barafu.

Umeme ukikosekana siku nzima, mtungi unasaidia. Kontena la dawa lililofungwa vizuri lisiingize maji linawekwa ndani ya mtungi wenye unyevunyevu, kivulini, mahali penye upepo. Kwa Dar usitarajie makubwa, maana mtungi hupoza kwa maji kukauka, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi mno kuyakausha upesi. Mtu wa Dodoma atapata ubaridi zaidi kwa mtungi uleule. Lakini hata nyuzi chache zina maana mwezi wa Januari, chumba chenye paa la bati kinapopita 33.

Na njiani, kutoka kliniki hadi Mbagala kwenye daladala, bibi alikuwa akinunua chupa ya maji yaliyoganda na kuilaza juu ya vichupa kwenye mfuko. Sasa anavifunga kwanza kwenye kipande cha khanga, na chupa ni ya maji baridi tu.

Kwenye daftari la mjukuu, asubuhi nyingi za wiki zilizofuata zilisomeka kati ya 7 na 10. Kuna 13 ya siku ya harusi ya mtoto wa jirani, na bibi aliisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Daktari alipandisha dozi taratibu hadi yuniti 34 na ikasimama hapo. Ile alama ya pembeni ya kadi nilimwomba daktari aikate kwa mstari na aandike chini yake: dawa iligandishwa nyumbani, mgonjwa hakuwa na kosa. Mwanawe aliisoma kwa sauti mbele ya mama yake. Akamwomba radhi palepale kwenye benchi, na bibi akamshika kichwa.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalimaliza. Mwezi wa Ramadhani barafu hununuliwa sana wakati wa kufuturu, na mkwe alisema wazi kwamba kwa namba 4 hataweza kutosheleza wateja. Sikutaka aniahidi kitu ambacho hataweza. Tumekubaliana kwamba kwa kipindi hicho vichupa vya akiba vibaki kwenye friji la duka letu la dawa, vikiwa na jina lake, na bibi achukue kimoja kimoja kila mwezi. Kile kinachotumika kitakaa kwenye droo pamoja na kipimajoto, na mjukuu atanitumia ujumbe wa usomaji kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Droo ikishuka chini ya 2, kichupa kitahamia kwenye mtungi siku hiyohiyo.